Hatua Ishirini na Tisa za Bi Siwema

Ilikuwako nchi, na kwa taarifa zilizopo bado iko, ambayo wananchi wake walikuwa na furaha kwa mujibu wa sheria namba nne. Mwenye huzuni alitakiwa aitolee taarifa ofisi ya kata ndani ya siku saba, akija na picha mbili ndogo za rangi. Kwa hiyo watu walifurahi. Foleni za pale kata zilikuwa zinajulikana.

Mkuu wa nchi hiyo aliitwa Baba Mwangaza, mzee mwenye afya njema aliyevaa suruali kwa namna yake mwenyewe, na hakuna mtu aliyewahi kuona ajabu. Mwaka huo wasaidizi wake walimnong'oneza kwamba katika nyumba za raia kuna visanduku vya plastiki vyenye taa za kijani, viitwavyo ruta, na kwamba visanduku hivyo vinarusha waifai hewani ovyo ovyo, kila mpita njia anajiokotea. Baba Mwangaza alisikitika sana. Taarifa ilifikishwa kata siku hiyo hiyo, na picha mbili.

Basi ikaundwa Wizara ya Siri za Wananchi. Waziri wake, Mheshimiwa Daktari Daktari Kigumba, aliyekuwa daktari mara mbili kutoka vyuo viwili ambavyo havikukubali kuwa vinamjua, akalihutubia taifa redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu sikivu inataka kila mmoja wenu awe na siri. Siri ni haki! Siri ni maendeleo! Kila mwenye ruta ataweka nywila, yaani neno analolijua yeye peke yake. Na ili serikali ijiridhishe kwamba analijua yeye peke yake, ataliwasilisha kata, litasomwa kwa kipaza sauti mbele ya mkutano wa hadhara, kisha litabandikwa ubaoni siku tisini, asije mwingine akalitumia kwa bahati mbaya."

Watu wakapiga makofi, kwani kipindi cha makofi kilikuwa kimefika. Aliyetimiza masharti angepewa Cheti cha Usiri. Asiye nacho asingesafiri, asingesajili mtoto, na akifa angezikwa kwa muda tu, kusubiri uhakiki.

*

Bi Siwema Kaniki hakuhitaji kufundishwa siri. Kabla ya kustaafu alikuwa opereta wa simu kwa miaka thelathini na mmoja, pale jengo la simu mjini, akichomeka waya huku na kuchomoa kule. Alikuwa ameunganisha mawaziri na wasiostahili kuunganishwa nao, na majenerali na mama zao, wakilia. Yote aliyoyasikia yalimwingia sikioni yakakaa humo humo. Na mstari ukiwa na msikilizaji wa tatu, yeye alimtambua kwa pumzi tu.

Jumatatu alivaa miwani, akafungua kijitabu cha ruta, akaanza kazi. Lile neno la kiwandani, lililokuwa moja kwa ruta zote duniani, akalifuta. Akachagua usimbaji ulio mpya kuliko yote, ule unaoyavuruga maneno hewani hata anayeyadaka aambulie makapi ya herufi. Akafunga njia ya kuiongoza ruta kutoka mbali. Mwisho akawasha ukuta wa kinga, ambao kazi yake ni moja: kila anayegonga kutoka nje huulizwa, umeitwa? Kama hukuitwa, rudi.

"Alaa!" Bi Siwema akacheka peke yake. "Kumbe wamenitia mimi humu ndani."

Alikuwa na haraka ya cheti. Binti yake wa pekee, Kidawa, alikuwa anafundisha shule ng'ambo ya mpaka, katika mji wa kwanza baada ya kizuizi, na Jumamosi alasiri anaolewa. Na kwao, bibi harusi hushikwa mkono na mama yake, akatiwa mkononi mwa mumewe. Si shangazi, si jirani. Kidawa alikwisha kusema kwenye simu: "Mama, usipokuja wewe, mimi sitoki chumbani. Wale pilau, waondoke."

*

Jumanne mtaa mzima ulijaa uwanja wa kata. Katibu wa Kata, Bwana Fungameza, mtu aliyegonga mhuri hata kwenye kadi za rambirambi, alisimama juu ya meza, rejista mkono huu, kipaza sauti mkono ule.

"Siri ya kwanza!" akanguruma. "Bwana Shehoza, muuza mchele! Nywila yake: *NakupendaAzama*!"

Mkewe Bwana Shehoza, ambaye jina lake ni Mwantumu, akageuza shingo taratibu.

"Azama ndiye nani?"

"Ni herufi tu, mke wangu. Wanataka zisipungue nane."

"Langu mimi lina herufi nane, nimehesabu."

"Basi... ndiyo hivyo... lingekuwa rahisi kubahatishwa."

Siri ziliendelea kumwagika. Mwenyekiti wa mtaa nywila yake ilikuwa *mwenyekiti*. Mkuu wa kituo cha polisi aliweka *1234*, akapigiwa saluti. Ilipofika zamu ya Bi Siwema, Katibu alilazimika kuvuta pumzi mara mbili.

"*Ng'ombe saba wamekula kanzu ya kadhi, na kadhi yumo ndani*! Saba ni kwa tarakimu!"

"Rudia hapo kwenye kanzu!" watu wakapiga kelele, kalamu mkononi.

Akarudia mara tatu, serikali ikiwa sikivu. Kisha akamkabidhi Bi Siwema cheti chenye mihuri miwili, akamshika mkono kwa heshima.

"Hongera, mama. Sasa nywila yako ni siri kamili."

Nyuma yake mtu mmoja alikuwa anaibandika ubaoni.

*

Jumatano asubuhi Bi Siwema alifungua dirisha akakuta ukuta wake wa nje una watu kumi na wanne, wamekaa kwenye ndoo na matofali, kila mmoja na simu yake. Wakaitikia salamu kwa adabu. Ruta yake, walimweleza, ndiyo yenye nywila ndefu kuliko zote mtaani, kwa hiyo walidhani na kasi yake itakuwa hivyo hivyo. Na kweli haikuwa mbaya.

Alhamisi asubuhi akaja Inspekta Chambuso wa Wizara ya Siri, na koplo mmoja mnene aitwaye Mashaka.

"Bi Siwema," alisema Inspekta bila kukaa, "kupitia waifai yako yameandikwa maneno kumhusu Baba Mwangaza."

"Maneno gani?"

"Siwezi kuyasema. Kuyasema ni miaka mitano."

"Basi nionyeshe."

"Kuonyesha ni saba. Katika nchi hii nzima tulioyasoma ni watatu: Waziri, mimi, na aliyeyaandika."

"Sasa mimi nitajuaje kama niliyaandika?"

"Ukikana, nitakuuliza umejuaje ni yapi unayoyakana." Inspekta akatoa daftari. "Swali jepesi. Nywila yako anaijua nani?"

Aliyezoea kusikiliza huusikia mtego kabla haujafyatuka. Bi Siwema akisema ni yeye peke yake, basi mwandishi ni yeye. Akisema wengine wanaijua, amevujisha siri.

"Iko kwenye ubao wa kata, baba."

"Ubao ni mali ya serikali. Serikali haivujishi. Inatangaza."

"Watu kumi na wanne wamekaa nje ya ukuta wangu."

Inspekta akachungulia dirishani. Ndoo zilikuwepo, matofali yalikuwepo. Watu walikuwa wamegundua kila mmoja ana shughuli mahali pengine.

"Naona ndoo," alisema, akaandika: *ndoo*. "Kosa la pili. Tangu jana wizara inagonga kisanduku chako, na kisanduku kinatuuliza kama tumeitwa."

"Mliitwa?"

"Serikali haiitwi, bibi. Serikali inakuwepo."

"Lakini sharti la tatu la cheti linasema ukuta wa kinga uwe umewashwa."

"Na la nne linasema uwe na mlango usiofungwa."

"Basi si ukuta huo, baba."

"Usitufundishe ujenzi."

Akakichana cheti kipande kwa kipande, kwa adabu, kila kipande akakipa namba ya ushahidi. Kisha akasoma amri yenye mihuri mitatu. Kwa kuwa magereza ya nchi yalikuwa yamejaa watu wenye furaha, mtuhumiwa angeshikiliwa kwa kizuizi cha mawimbi: *asitoke nje ya mawimbi ya ruta yake, mpaka shauri litakapoamuliwa*. Mashauri kama hayo, alimfariji, huamuliwa ndani ya miaka minne. Aidha, nywila ibadilishwe leo hii, na mwenyewe aifikishe kata kwa miguu yake, maana isiyosomwa hadharani haijawa siri.

Koplo Mashaka akatoka na simu mkono mmoja na chaki mkono mwingine. Alitembea akiangalia zile alama za mawimbi kwenye kioo, zilipokwisha, akachora. Upande wa uwanjani mawimbi yalifika hatua ishirini na tisa. Ofisi ya kata ilikuwa hatua arobaini. Upande wa jikoni, kwa sababu ya ukuta wa mawe, mstari ulipita katikati ya chumba: chumvi na masufuria vikabaki kizuizini, jiko likabaki kwenye uhuru.

*

Koplo Mashaka aliachwa pale kulinda mstari, na kwa kuwa mstari ulizunguka nyumba, alionelea aulinde akiwa kwenye kochi. Jikoni walielewana upesi: yeye alisimama upande wa uhuru akikoroga, Bi Siwema alisimama kizuizini akimrushia chumvi.

Mchana Kidawa akapiga simu.

"Mama, umepanda basi la saa ngapi?"

"Basi... lina matengenezo, mwanangu."

"Mama! Sauti yako hiyo naijua. Kuna nini?"

"Hakuna. Gauni limekaaje?"

"Kijani cha majani ya mgomba. Usinigeuzie habari."

"Kijani hicho kinamfanya mtu aonekane mgonjwa," alisema Koplo Mashaka kutoka kwenye kochi, mdomo umejaa.

"Huyo ni nani, mama?"

"Ni serikali, mwanangu. Kula kwanza umeze, Koplo."

Kidawa alikuwa amezaliwa katika nchi ile ile. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Mimi sitoki chumbani," alisema. "Nakwambia. Sitoki mpaka nikuone."

Simu ilipokatika Bi Siwema alikaa akiitazama ile taa ya kijani. Koplo akaona aibu kidogo, akajaribu kumliwaza.

"Usijali, Bi mkubwa. Miaka minne haikawii. Na wala si maneno makubwa yale. Suruali ya mzee kupanda mpaka kwapani, nani asiyeiona?"

Bi Siwema hakugeuka.

"Kwapani," alisema taratibu.

"Ndiyo, mpaka kwapa..." Koplo akaacha kutafuna.

"Inspekta alisema wanaoyajua ni watatu. Waziri, yeye, na aliyeyaandika."

Koplo akakohoa. Akakohoa tena. Tonge lilikuwa limeshuka njia isiyo yake. Bi Siwema akampa maji, akamgonga mgongoni, akasubiri. Kazi ya kusubiri mtu amalize kulia kwenye waya alikuwa ameifanya miaka mingi.

"Nilikuwa kwenye ndoo ya tatu, Bi mkubwa," akanong'ona. "Siku ya mapumziko yangu. Nilidhani namwandikia shemeji yangu peke yake. Nimebonyeza pasipo, yakaingia kwenye sanduku la maoni la wizara."

"Kunywa maji."

"Utanisema?"

"Mimi nimenyamazia makubwa kuliko suruali." Akachukua kalamu na bahasha. "Niandikie hapa yalivyokuwa. Neno kwa neno, na herufi kubwa zake."

*

Ijumaa mtaa haukuweza kuvumilia tena. Nywila ilikuwa imebadilishwa, waifai imefungwa, na mpya haijasomwa. Bi Siwema hakuweza kuvuka chaki kuipeleka kata, na fomu haikuweza kwenda bila yeye. Watu wale wa ndoo wakamchukua Katibu Fungameza, meza yake, rejista yake na kipaza sauti chake, wakamleta mpaka kwenye mstari.

"Mkutano unaweza kuhamishwa," walimwambia. "Soma siri ya mama."

Katibu akapanda juu ya meza. Akafungua bahasha aliyonyooshewa na Bi Siwema juu ya chaki, mbele ya kipaza sauti. Uwanja mzima ukasikia pumzi yake ikiingia, na haukusikia ikitoka.

"Soma!"

"Hii... haisomeki."

"Mwandiko mbaya?" Bi Siwema akauliza kwa upole kutoka upande wake wa chaki.

"Mwandiko ni mzuri," alisema Katibu, uso umelowa jasho. "Mzuri mno."

"Basi ibandike ubaoni."

"Siwezi kuibandika."

"Basi ikatae, baba. Andika kwenye rejista: nywila fulani imekataliwa."

Katibu akaitazama safu ya rejista ambamo nywila yenyewe hujazwa, neno kwa neno. Kuiandika ilikuwa saba. Kuisoma, mitano. Kuichana ilikuwa kuharibu ushahidi, na kuimeza, jambo lililompitia akilini waziwazi, hakujua ni mingapi. Mwishowe akaikunja mara nane, akashuka mezani, akaivusha mstari kwa mikono miwili kama anayerudisha mtoto aliyelala.

"Sijaiona," alisema.

"Kwa hiyo ni siri," alisema Bi Siwema.

Na kweli ilikuwa. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo, raia alikuwa na neno ambalo halikusomwa, halikubandikwa, wala ofisa yeyote asingethubutu kulibahatisha. Waliobaki ama hawakulijua ama walikuwa tayari kuapa hawalijui, na koplo mmoja mnene alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Na cheti changu?"

Katibu alikuwa amekwisha kuokota meza yake. "Cheti hutolewa kwa siri iliyosomwa, mama. Hiyo yako imekuwa siri kupita kiasi."

Watu wakatawanyika, wakiburuta ndoo zao. Bi Siwema akabaki amesimama, vidole vya miguu vikigusa chaki.

*

Jumamosi alfajiri Koplo Mashaka aliamka kwenye kochi akamkuta Bi Siwema amevaa, amejifunga kanga mpya, kikapu miguuni.

"Koplo, nisomee tena amri yangu."

"*Asitoke nje ya mawimbi ya ruta yake.*"

"Imesema ruta ikae wapi?"

Koplo akasoma upya. Akaigeuza karatasi nyuma. Akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Haikusema."

Bi Siwema akafunua kikapu. Ndani, juu ya kanga za harusi, ruta ilikuwa imelala, imeunganishwa na betri ndogo ya taa ya sola, inapepesa kijani.

"Wewe kazi yako ni kulinda mstari," alisema. "Chukua chaki."

Wakaondoka. Koplo alichora mpaka kituoni, na kila alipochora mstari mpya aliufuta wa zamani kwa kiatu, kwa kuwa alikuwa askari mwaminifu. Walipanda lori la vitunguu, akachora kuzunguka magunia. Walioona walisimama kwa heshima, wakidhani ni mradi.

Kwenye kizuizi cha mpaka ofisa alinyoosha mkono. "Cheti cha Usiri?"

"Sina, baba."

"Basi hupiti."

"Mimi sipiti. Mimi ni mfungwa. Nisomee hiyo."

Ofisa akasoma amri. Ilikuwa na mihuri mitatu. Sheria yake ya kuzuia ilikuwa na miwili. Bi Siwema akaiweka ruta juu ya meza ya ofisa, ndani ya nchi kabisa, haikusafirishwa wala haikutoroshwa. Koplo Mashaka akashika simu, akaanza kutembea. Kutoka mezani mpaka kwenye kizuizi zilikuwa hatua kumi na moja. Zikabaki kumi na nane za nchi ya watu.

Kidawa, baada ya kupigiwa simu na mama yake, alitoka chumbani akaja na harusi yake yote: gari, ngoma, mashangazi, na bwana harusi aitwaye Mngereza, mwalimu mwembamba. Walimtandikia bwana harusi mkeka barabarani, na kwa kuwa hawakupima, aliwekwa hatua ya thelathini na mbili. Wazee wakamkalisha, kadhi akaanza kusoma, na ikawa haifai tena kumhamisha.

Bi Siwema alimshika binti yake mkono kwenye mlango wa gari. Gauni la kijani halikumfaa kweli, na alipendeza hata hivyo. Wakatembea. Ishirini na saba. Ishirini na nane. Ishirini na tisa, na chaki ilikuwa pale, nyeupe juu ya lami.

"Mama, bado hatua tatu."

"Naziona, mwanangu."

Ngoma zikanyamaza. Koplo Mashaka akaitazama simu yake, akamtazama Bi Siwema, akageuka akakimbia. Aliichukua ruta mezani, akapanda juu ya meza yenyewe, buti kwenye makaratasi ya ofisa, akainyanyua kwa mikono miwili juu ya kofia yake.

"Vipi huko?" akapaza sauti.

Shangazi mmoja aliyepewa simu ya kupimia akaitazama. "Alama moja imerudi!"

"Songa, Bi mkubwa! Songa!"

Thelathini. Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Bi Siwema akautia mkono wa Kidawa mkononi mwa Mngereza, akaushikilia kidogo pale katikati, kisha akaachia. Vigelegele vikapasuka.

Kidawa hakumwacha aende. "Twende nyumbani, mama," alimnong'oneza, analia na kucheka. "Hatua moja tu. Hapa nani atakukamata?"

Hakuna. Bi Siwema alilijua hilo. Gari lilikuwa wazi, barabara ilikuwa nyeupe mbele yake. Akageuka kutazama nyuma. Koplo Mashaka alikuwa bado juu ya meza, jasho linamchuruzika kwapani, kisanduku juu ya kichwa. Mfungwa akipotea, mlinzi ndiye anayeingia ndani ya chaki. Na kule ndani wangemuuliza maswali.

"Nitunzieni ukoko," alisema Bi Siwema, akambusu binti yake, akarudi taratibu, akihesabu.

*

Jumatatu Mheshimiwa Daktari Daktari Kigumba alitangaza marekebisho. Ilikuwa imebainika kwamba baadhi ya raia wanatembea na vizuizi vyao bila kibali. Kuanzia siku hiyo kila ruta ingepigiliwa ukutani kwa misumari minne, na serikali yenyewe ingegharimia misumari. Watu wakapiga makofi.

Fundi wa wizara alifika kwa Bi Siwema na nyundo yake, akamkuta koplo mmoja mnene amekwisha kushika ngazi.

"Ipigiliwe wapi, mama? Sheria inakuruhusu kuchagua, mara moja tu."

Bi Siwema hakufikiri sana. Akamwongoza jikoni, akamwonyesha ule ukuta wa mawe, upande wa pili.

"Hapa," alisema, "juu ya jiko. Miaka minne ni mingi kurushiana chumvi."